Gazeti Liitwalo Nka

Fungueni madaftari yenu, mwandike neno moja: NKA. Ni neno la Kiigbo, lugha ya Nigeria, na maana yake ni sanaa. Ndilo jina la gazeti tutakalozungumza habari zake leo.

Ukiingia katika nyumba ya makumbusho huko Ulaya, utaona kinyago cha Afrika kimewekwa ndani ya kioo. Kando yake pana kikaratasi chenye jina la kabila. Jina la mchongaji je? Mara nyingi halipo. Picha ya mchoraji wa Ulaya haiwekwi hivyo. Tena wasanii wa Afrika walio hai walikuwa wakipitwa tu, kama kwamba sanaa yetu ilikwisha zamani.

Jambo hili lilimkera Okwui Enwezor, kijana wa Nigeria aliyekaa Marekani. Yeye alisomea mambo ya siasa, si uchoraji. Mwaka 1994, huko New York, alianzisha gazeti hili pamoja na wenzake, mmoja wao Salah Hassan wa Sudan. Ndani yake msanii hutajwa kwa jina, na kazi yake hujadiliwa kwa hoja. Enwezor alifariki mwaka 2019. Gazeti halikufa naye.

Kasoro moja naiona: Kiingereza chake ni kigumu. Hata mimi hulisoma na kamusi mkononi.

Kwa somo lijalo, chagueni kitu kimoja kilichochongwa au kusukwa hapo kwenu. Andikeni jina la aliyekitengeneza.