Nauli ya Kwaya au Studio Nzima? Hesabu ya Kurekodi Sauti Njombe

Kwaya ya watu 30 ikipanda basi Makambako kwenda kurekodi Dar es Salaam, mbele yake kuna kama kilomita 650. Tukichukulia nauli ya shilingi 50 kwa kilomita, kila mwimbaji atalipa 32,500 kwenda na 32,500 kurudi. Zidisha kwa 30, unapata shilingi 1,950,000. Hapo hawajala, hawajalala wala hawajamlipa prodyuza. Walioanzia Ipelele, huko juu Makete, wana kipande kingine kirefu cha milima kabla hata ya kuiona Makambako.

Fedha hiyo leo inakaribia kununua vifaa vyote vya kurekodia sauti. Tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500:

- Laptop iliyotumika, yenye RAM ya GB 8: 600,000
- Saundi kadi ya maiki mbili, mfano wa Focusrite Scarlett 2i2 (kama dola 200): 500,000
- Maiki ya kondensa ya bei ya chini, mfano wa Audio-Technica AT2020 (kama dola 100): 250,000
- Hedifoni za kufunika masikio: 125,000
- Stendi, kebo ya XLR na chujio la pumzi: 150,000
- Leseni ya programu ya Reaper (dola 60): 150,000

Jumla ni 1,775,000. Ongeza asilimia 18 ya VAT kwenye maiki, saundi kadi, hedifoni na vikorombwezo vyake, yaani 184,500, na unafika 1,959,500. Tofauti na nauli ya kwaya ni shilingi 9,500. Ushuru wa forodha na faida ya muuzaji vitapandisha bei, lakini anayeanza na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, anarudisha 150,000 mfukoni. Spika za studio, jozi yake kama milioni moja, zinaweza kusubiri.

Zamani hesabu hii isingewezekana. Miaka ya 1970 na 1980, mlango mkubwa wa kurekodi nchini ulikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Miaka ya 1990 watayarishaji kama Master J na P-Funk Majani walifungua milango mingine, lakini nayo ilikuwa Dar es Salaam. Mtu wa Njombe alikuwa analipia barabara kwanza, muziki baadaye.

Maiki ya milioni saba

Wengi wakipata fedha kidogo hukimbilia maiki kubwa. Neumann U 87, iliyoingia sokoni mwaka 1967 na ambayo imejaa kwenye picha za studio za Ulaya na Marekani, inauzwa zaidi ya dola 3,000, yaani zaidi ya shilingi 7,500,000. Tuseme studio inatoza 50,000 kwa wimbo. Itabidi irekodi nyimbo 150 ili ilipe maiki peke yake.

Unalipia nini hapo? Pamoja na mlio wake, unalipia ukimya. Kila maiki ya kondensa ina mvumo wake wa ndani: U 87 ina desibeli 12, AT2020 ina 20. Tofauti hiyo inasikika kwenye chumba kilichojengwa kitaalamu. Chumba cha kawaida usiku wa manane kina kelele za desibeli kama 30, kwa hiyo mivumo yote miwili inafunikwa. Ni sawa na kununua mizani ya dhahabu ili upimie viazi.

Na si kwamba kazi kubwa hudai maiki ghali. Katika albamu ya *Thriller* ya mwaka 1982, fundi mitambo Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7. Mrithi wa maiki hiyo, SM7B, anauzwa kama dola 400. Ila nayo ina sharti lake: sauti inayotoka humo ni ndogo, inahitaji kuongezwa kama desibeli 60, ambazo ni volti kuzidishwa mara 1,000. Saundi kadi dhaifu ikilazimishwa kufika huko inaanza kupiga mluzi na kuvuma. Anayeinunua bila kupiga hesabu hiyo atarudi dukani kutafuta kifaa cha pili.

Maiki nyingine ya Shure, SM58 ya tangu 1966, inapatikana kwa kama dola 100 na inavumilia vumbi na kuangushwa. Tatizo lake ni kwamba feki zimejaa sokoni. Ukiikuta kwa shilingi 40,000, bei yenyewe imeshakupa jibu.

Mabati na malori

Adui wa kwanza wa sauti Makambako ni malori. Mji umekaa pale barabara ya Songea inapoiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Ipelele hakuna msururu huo, lakini kuna mvua, na mvua ikishukia bati lisilo na dari hakuna maiki ya bei yoyote itakayomtenga mwimbaji na paa.

Dawa ya kwanza ni bure. Kila mdomo unapokaribia maiki kwa nusu ya umbali, sauti huongezeka desibeli 6, huku kelele za chumba zikibaki palepale. Toka sentimita 80 hadi 20, yaani shubiri moja, na umepata desibeli 12 bila kutoa senti. Hapo ndipo chujio la pumzi linapolipa gharama yake: nyimbo za kwaya zimejaa "Bwana" na "pendo", na kwa karibu hivyo kila B na P ni ngumi ya upepo kwenye maiki.

Dawa ya pili ni kutuliza mwangwi. Trei za mayai ukutani hazisaidii sana. Ili kitu cha kunyonya sauti kifanye kazi vizuri, unene wake unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi. Besi anayeimba hezi 100 anatoa wimbi la karibu mita 3.4, na robo yake ni sentimita 85. Fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, ikijazwa sufi nzito, inashika vizuri kuanzia hezi 850 hivi, na ikiachiwa nafasi nyuma yake ukutani inashuka chini zaidi. Mbao Njombe si za kutafuta kwa tochi. Fremu nane kwa makadirio ya 30,000 kila moja ni 240,000, pungufu ya maiki ya AT2020.

Umeme, faili na saa

Umeme unaogopwa bure. Laptop na saundi kadi, tuseme wati 100, kwa saa nane zinakula yuniti 0.8. Kwa shilingi kama 357 kwa yuniti, siku nzima ya kazi haifiki shilingi 300. Kinachouma ni umeme kukatika katikati ya ubeti, na ndiyo maana laptop yenye betri nzima inaishinda kompyuta ya mezani.

Faili nazo zina uzito. Traki moja ya biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde inachukua MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 24 ni MB 829, na nyimbo kumi ni GB 8.3. Ukihifadhi na zile zilizorudiwa mara tatu, unakaribia GB 25. Kumtumia mchanganyaji wa Dar es Salaam kwa bando ni maumivu. Flashi ya GB 32 ikipandishwa basi inafika kesho yake.

Saa ndizo ghali kuliko vyote. Sauti nne, soprano hadi besi, kwa wastani wa saa tatu kwa wimbo, ni saa 30 kwa albamu ya nyimbo kumi. Zidisha kwa waimbaji 30: saa 900 za watu walioacha mashamba. Kila mtu akija kwa zamu ya sauti yake tu, hesabu hiyo inashuka hadi robo.

Vifaa pamoja na fremu ni 2,199,500. Kwa 50,000 kwa wimbo, zinatakiwa nyimbo 44, yaani karibu albamu nne na nusu, mtaji urudi. Mwenye milioni mbili mkononi aanze na chumba, kisha saundi kadi na hedifoni, maiki ya dola 100 ifuate. Kwaya ya tano ikishalipa, ndipo afikirie maiki kubwa.