Mshipi, Ufito na Ndoana: Maneno kwa Wavuvi wa Ziwa Nyasa

Mazungumzo haya yahusu vyombo vya mvuvi wa mshipi, na hasa mvuvi wa pwani ya Ngumbo, iliyo kati ya Liuli na Lituhi, katika Wilaya ya Nyasa, ambayo hata mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Juu ya nyavu za usipa hatutasema neno leo, maana wavuvi wa nyavu ni wengi na walimu wao ni wengi. Mvuvi wa mshipi ni mtu wa peke yake. Mtumbwi wake ni mdogo, na mtaji wake ni mikono yake na uzi; na uzi ule ukikatika, amepoteza kwa dakika moja samaki, ndoana, chubwi, na fedha iliyokuwa inunue chumvi na daftari za watoto. Basi swali letu ni moja tu: mbona mshipi hukatika? Ajuaye jibu lake atajua namna ya kuchagua vyombo vingine vyote.

Kwanza tuwatazame samaki wenyewe. Mbasa ni samaki wa rangi ya fedha, mwepesi, afuataye makundi ya usipa. Aliye mkubwa aweza kupita kilo 3. Tayani hana meno, maana jamaa yake husaga chakula kwa meno yaliyo kooni. Kwa hiyo hawezi kuukata uzi kwa kuuma, na mtu atiaye waya mbele ya ndoana kwa ajili ya mbasa hujitaabisha bure, tena humtisha samaki, maana maji yetu ni maangavu. Nguvu ya mbasa i katika mbio zake za kwanza. Yuko na mwingine, wa jamii ya kambale, ambaye wenzetu wa Malawi humwita kampango. Huyu hukaa chini na kutafuta chakula usiku. Taya zake zina vijino vingi vidogo kama msasa, navyo huusugua uzi hata ukachakaa. Kwake yafaa kipande cha mwisho, kiasi cha pima moja, kiwe cha uzi mnene. Mmoja basi hukata kwa mshtuko, na mwingine kwa msuguano. Na tutakayoyasema hapa chini yote yatokana na mambo hayo mawili.

Wazee wa ziwa hili walisokota nyuzi zao kwa maganda ya miti. Mmojawapo wa miti hiyo, uitwao bwazi upande wa Malawi, ulimpendeza David Livingstone, aliyefika ziwani Septemba 1859, hata akaandika habari za nyuzi zake. Zilikuwa nyuzi imara, lakini zilioza zisipoanikwa kila siku. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, ikawa mwisho wa taabu hiyo. Lakini watu wengi wakadhani kwamba kisichooza hakifi. Nailoni hufa, tena mbele ya macho yetu: jua huila. Uzi ulioachwa juu ya mtumbwi miezi mingi huwa mkavu, hupoteza mng'ao wake, na ukiukunja kwa vidole hubaki umepinda. Huo hauna kazi tena, hata kama haujawahi kumwona samaki.

Kuhusu unene, wanafunzi na wasikilize, maana hapa pana hesabu. Uzi mzuri wa nailoni wenye unene wa milimita 0.30 huchukua kadiri ya kilo 5 au 6. Wa milimita 0.50 hauchukui mara moja na nusu ya hizo, bali zaidi ya mara mbili, kwa sababu nguvu hufuata eneo la mkato, wala si upana wake peke yake. Lakini usikimbilie mnene. Uzi mnene huonekana na samaki, huchukuliwa na mkondo, na huzuia chubwi ndogo kushuka. Kwa mbasa, milimita 0.35 au 0.40 zatosha mtu mwenye mkono mpole. Kwa kampango, ongeza. Wala usinunue urefu usio na kazi. Ziwa letu lina kina cha mita 700 na kitu, lakini chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kumfaa samaki, na uzi ushukao huko wavua giza tupu.

Siku hizi huuzwa pia uzi wa kusukwa, mwembamba sana na wenye nguvu nyingi. Ni mzuri kwa kusikia samaki anapodonoa, maana haunyumbuki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hausamehe: mshtuko wote hufika kwenye fundo, na mkono mtupu hukatwa kama kwa wembe. Kwa mvuvi wa mtumbwi mimi nasifu nailoni ya kawaida, ambayo hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika.

Sasa tuje kwenye fundo, mahali ambapo samaki wengi hupotea. Fundo lile la kawaida, ambalo mtoto hufunga kamba ya mbuzi, laweza kuondoa nusu ya nguvu ya nailoni. Mtu amenunua uzi wa kilo 10, naye avua kwa uzi wa kilo 5 bila kujua! Fanya hivi. Pitisha ncha ya uzi katika tundu la ndoana, uache shibiri moja. Izungushe ncha juu ya uzi mkuu mara 5. Irudishe, uipitishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu kabisa na tundu; hapo kitafanyika kitanzi kikubwa, nawe uipitishe ncha katika hicho pia. Kabla ya kukaza, lilowe fundo kwa mate. Huu si ushirikina wa wavuvi, wala si kumwombea samaki. Nailoni ikisuguana kavu hupata joto, na joto huidhoofisha. Kaza pole pole hata mizunguko ikae kama nyoka aliyelala. Kisha vuta kwa nguvu ukiwa bado ufukoni, maana fundo baya likikatika mchangani halikugharimu kitu.

Mwenye mtumbwi aweza kuvua bila ufito, kwa mkono wake tu. Asimamaye juu ya mawe au ufukoni, huyo ataona faida yake. Wengi hudhani ufito ni wa kutupia mbali. Naam, ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kupokea mshtuko: samaki akikimbia, ufito hupinda, na uzi hupumzika. Kwa hiyo usichague mwanzi mgumu kama mpini wa jembe. Chagua mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu hivi, ukate wakati wa kiangazi, maana ule wa masika una maji na utamu mwingi, na wadudu huupenda. Uanike kivulini, umelazwa juu ya vitegemeo vingi, ukiugeuza kila baada ya siku chache, juani hupasuka. Ukikauka, ushike shina, uinamishe ncha: yapasa upinde kama upinde wa mshale, pole pole kutoka nchani hata katikati. Ukipinda mahali pamoja tu, hapo ndipo utakapovunjika. Upake mafuta ya mbegu mara mbili kwa mwaka, na fito zilizotengenezwa kiwandani zitazamwe pete zake, maana pete yenye ufa huuchuna uzi kila unapopita. Pitisha kipande cha pamba ndani ya pete: nyuzi za pamba zikinasa, pana ufa.

Penye ufito pana watu watakao kigurudumu cha kukunjia mshipi. Vigurudumu hivi viliendelezwa sana Marekani na Uingereza, kwa ajili ya samaki kama yule aitwaye bass, ambaye hata Ziwa Naivasha, kule Kenya, alitiwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ili watu wavue kwa kujifurahisha. Yako ya namna mbili. Katika namna ya kwanza ngoma huzunguka uzi unapotoka. Nayo isipozuiliwa kwa kidole gumba, hutoa uzi kupita haja, ukawa kiota cha ndege. Katika namna ya pili, ambayo Mwingereza Alfred Illingworth aliipatia hati mwaka 1905, ngoma haizunguki: uzi hutoka juu ya ukingo wake. Wala tusidhani kwamba hayo ni maajabu. Mtoto akunjaye mshipi wake juu ya kopo, akatupa chubwi huku mdomo wa kopo umeelekea ziwani, atumia kanuni ile ile, na kopo lake halikumgharimu shilingi. Sharti ukingo wa kopo usiwe na makali.

Anayenunua kigurudumu anunue kwa ajili ya breki yake. Breki yapasa kuachia uzi kabla haujakatika. Funga uzi kwenye mizani ya dukani, vuta, ukaze breki hata ianze kuachia kwenye robo ya nguvu ya uzi, au theluthi, isizidi. Uzi wa kilo 6 basi uachie kwenye kilo moja na nusu au mbili. Mvuvi wa mkono naye ana breki, nayo ni vidole vyake. Kwa hiyo asijifunge mshipi mkononi wala mguuni. Mwera ukivuma, kati ya Mei na Agosti, mawimbi huja upesi, na aliyefungwa kwa samaki hana mkono wa kushika kafi.

Ndoana iburure juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwama, ni kali, ikiteleza, ipigwe tupa. Yenye kutu katika tundu lake itupwe, maana kutu ni msumeno.

Maji yetu hayana chumvi, hivyo adui wa chombo hapa ni mchanga. Kigurudumu kisilazwe ufukoni. Kisafishwe kwa kitambaa chenye maji, kikaushwe, kitiwe tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kushika vumbi. Kabla ya kukiweka, legeza breki, ili ngozi zake za ndani zisigandamane. Mshipi uwekwe gizani, mbali na moshi wa jikoni. Kila jioni upitishe pima tano za mwisho kati ya vidole, na ukisikia mkwaruzo, kata sehemu hiyo bila huruma, ufunge upya.

Wakati mzuri wa kutengeneza vyombo ni masika. Ndipo mbasa hupanda mtoni, kama Ruhuhu, kutaga mayai, naye amekwisha tiwa katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini. Na kampango, dume na jike, hulinda kiota chao, huku mama akiwalisha watoto mayai yake mengine. Mzazi akivuliwa siku hizo, watoto wote huliwa.

Na vipande ulivyokata usivitupe ziwani. Nailoni haiozi upesi majini, na mnandi azamaye kufuata usipa hunaswa shingo humo. Vikate vifupi vifupi, uvifukie shimoni mbali na maji.