Taa Asiyoiona Mwenye Baiskeli



Jioni moja ya Jumamosi tulikuwa tumekwisha kuswali Maghrib, na kijana wetu hajarudi. Alitoka asubuhi na wenzake watatu kwa baiskeli za milimani, zile zenye tairi pana za meno, kwenda kuzunguka njia za mchanga za msitu wa Arabuko-Sokoke. Tulimuusia arudi kabla ya jua kuchwa. Hata hivyo, hofu yetu haikuwa kubwa, kwa kuwa kabla hajaondoka tulikuwa tumeona kwa macho yetu taa nyekundu mpya ikiwaka chini ya kiti chake. Taa ile ndiyo iliyotutuliza moyo.

Alifika muda mfupi kabla ya Isha. Nyuma yake alikuja mwendesha bodaboda tusiyemjua, akazima injini mlangoni, akasema: "Shikamoo mama. Huyu mtoto hana taa nyuma. Nimemkuta barabara ya Malindi, lori limempita karibu kabisa. Nikaona nimfuate polepole, taa yangu immulike, mpaka afike kwao."

Tukainama kutazama. Kibanio cha plastiki kilikuwa kimekatika, kipande kimoja bado kimeshika nguzo ya kiti, na taa yenyewe imebaki huko msituni. Kijana alishangaa kutushinda sisi. "Mimi nilidhani inawaka," alisema.

Neno hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Taa ya mbele ikizimika, mwenye baiskeli hujua papo hapo, maana giza humjia usoni. Taa ya nyuma ikizimika, au ikianguka, yeye ndiye mtu wa mwisho kujua. Humulikia wengine, naye huendelea na safari yake akiamini kwamba anaonekana. Kwa sababu hiyo, anayenunua taa ya nyuma asianze kwa kuuliza inang'aa kiasi gani. Aulize kwanza: je, taa hii itakuwa bado iko mahali pake, na bado inawaka, baada ya saa tatu za mashimo, mchanga na tope?

Giza letu huja haraka

Sisi wakazi wa pwani tuko karibu na Ikweta. Jua letu huchwa kwa kushuka wima, na mwanga wa magharibi haudumu. Mtoto anayeondoka kwa mwenzake wakati wa adhana ya Maghrib akiwa bado anaiona njia, huweza kufika nusu ya safari giza limekwisha kutanda.

Tuupime upande wa dereva pia. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi katika kila sekunde moja. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona, kufahamu na kukanyaga breki, gari limekwisha kula mita 33 kabla breki haijaanza kushika. Baiskeli isiyo na taa huonekana pale tu taa za gari zinapoifikia, na mara nyingi umbali huo hautoshi. Taa nyekundu inayowaka yenyewe humpa dereva habari mapema, naye akapata nafasi ya kupunguza mwendo na kupita mbali.

Kinachoiua taa njiani

Tulikwenda kwa fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu tukiwa na kile kipande cha plastiki mkononi. Alicheka kidogo, akatuonyesha kopo lililojaa taa mbovu alizoletewa. Tulitazama moja moja, na tukajifunza kwamba taa za siku hizi za LED hazina waya mwembamba ndani wa kukatika kama zile balbu za zamani. Chenye kuwaka huishi miaka mingi. Vinavyokufa ni vile vinavyoizunguka.

Cha kwanza ni kibanio. Njia ya mawe ya matumbawe au ya changarawe huitikisa baiskeli mfululizo, na mtikisiko huo wote hukusanyika kwenye kile kishikio chembamba. Plastiki ngumu iliyochomwa na jua la kwetu huwa kavu, kisha hupasuka ghafla bila kuonya.

Cha pili ni betri kucheza ndani ya nyumba yake. Taa ikitikiswa, betri huachana na springi kwa nukta moja, na taa huzimika. Ikitikiswa tena, huenda ikawaka au isiwake. Hivyo basi, taa nyingi zinazodhaniwa zimeharibika hazina ubaya mwingine ila springi iliyolegea.

Cha tatu ni maji na chumvi. Hewa ya bahari peke yake, bila mvua, huweza kuvisha vibati vya umeme kutu ya kijani. Wakati wa masika, gurudumu la nyuma hurusha maji ya tope moja kwa moja kwenye taa, na ikiwa ina ufa, hunywa.

Cha nne ni tope lenyewe kukauka juu ya kioo. Hapo taa ni nzima, betri imejaa, lakini hakuna anayeiona.

Mambo ya kutazama dukani

Tazameni kwanza namna inavyofungwa. Kwa njia mbovu, ukanda mpana wa mpira unaozunguka nguzo ya kiti na kujifunga kwa kulabu ni bora kuliko kibanio chembamba cha plastiki, kwa kuwa mpira humeza mtikisiko. Mpira nao huzeeka kwa jua na chumvi, kwa hiyo ulizeni kama ukanda wa akiba unapatikana. Kibanio kilichofungwa kwa skurubu mbili nacho ni kizuri, mradi skurubu zikazwe mara kwa mara. Popote taa itakapofungwa, ongezeni kamba fupi kutoka kwenye taa hadi kwenye fremu. Kibanio kikikatika, taa itaning'inia, haitapotea.

Pili, itikiseni karibu na sikio. Taa imara haina sauti. Mkisikia kitu kinacheza ndani, irudisheni kwa muuzaji. Iwasheni, kisha ipigeni kidogo kwenye kiganja mara kumi. Ikipepesa au kuzimika dukani, msituni haitafika mbali.

Tatu, someni alama ya kuzuia maji kwenye boksi. IPX4 maana yake inastahimili maji ya kurushwa kutoka kila upande, nayo yatosha kwa mvua ya kawaida. IPX7 maana yake inaweza kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa bila kuharibika. Ile herufi X katika alama hizi maana yake vumbi halikupimwa. Ikiandikwa IP67, basi imezuia vumbi kabisa na maji pia, na kwa mchanga wetu mwembamba hiyo ndiyo ya kuchaguliwa ikiwa mfuko waruhusu.

Nne, tazameni betri. Taa nyingi huchajiwa kwa waya kama simu. Hizi ni nafuu kwa muda mrefu, na kwa kuwa betri imefungwa ndani haichezi. Udhaifu wake ni ule mlango mdogo wa kuchajia. Kifuniko chake cha mpira kikilegea, chumvi huingia. Futeni na kukausha kabla ya kuchomeka waya, na betri ikionekana kuvimba, msiichaji tena. Taa za betri ndogo za kununua zina faida kwamba hubadilishwa njiani, lakini betri hizo zitolewe taa isipotumika kwa muda, kwani huvuja na kula vibati.

Hapa tuna onyo kwa kina mama. Taa nyingine ndogo hutumia betri bapa za mviringo, zenye umbo la sarafu. Mtoto mchanga akimeza moja na ikakwama kooni, huweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu. Kifuniko cha taa ya namna hiyo lazima kiwe cha kufunguliwa kwa bisibisi, na betri zilizokwisha zisiachwe mezani. Mkishuku mtoto amemeza, mpelekeni hospitali hapo hapo bila kungoja dalili.

Tano, mwangaza na namna ya kuwaka. Kwa usiku, taa ya lumeni 20 hadi 50 yatosha kabisa. Zile za lumeni mia na zaidi zimekusudiwa kuonekana hata mchana. Taa ya kupepesa huvuta jicho haraka na hutumia umeme kidogo, ilhali ya kuwaka mfululizo humsaidia dereva kupima umbali. Wanaoendesha kwa kufuatana wasitumie ya kupepesa kwa nguvu, kwani humsumbua macho aliye nyuma. Someni pia taa hudumu saa ngapi kwa kila namna, kisha mchague inayozidi safari yenu ndefu mara mbili.

Mahali pa kuifunga

Nguzo ya kiti ndipo mahali pazuri kuliko pote kwa baiskeli ya njia mbovu. Iko juu ya tope, na haitikisiki sana kama keria. Taa itazame nyuma sawasawa, isielekee ardhini wala mbinguni. Wengi huitundika kwenye mkoba wa mgongoni, na kitambaa kikilegea taa humulika nyota.

Kwa baiskeli ya nyumbani inayobeba mzigo, jambo hili lahitaji uangalifu zaidi. Mkoba wa madrasa, kikapu cha sokoni, au mtoto aliyepakiwa nyuma huifunika taa ya kiti yote. Kanzu ndefu na buibui navyo huishukia. Hapo taa ifungwe mwisho kabisa wa keria, kwa skurubu, na ikaguliwe nati zake kila wiki, maana keria hutikisika sana. Mabinti wetu wanaoendesha wapewe taa yenye kukaa mahali ambapo vazi halifiki.

Baiskeli za zamani zina dinamo ya kusugua tairi. Haihitaji betri, na hilo ni jema. Lakini katika tope huteleza, na baiskeli ikisimama taa huzimika isipokuwa ile yenye kuhifadhi umeme kidogo. Tusiitupe, lakini tusiitegemee peke yake.

Kwa hakika, taa yoyote isitegemewe peke yake. Afadhali taa mbili za bei ya kiasi, moja ya kuwaka mfululizo na moja ya kupepesa, kuliko moja ya bei kubwa. Ikianguka moja, ya pili itabaki. Kisha kiwepo kile kioo chekundu cha kurudisha mwanga, ambacho hakina betri ya kwisha wala swichi ya kuharibika. Hakimtoshi mwendeshaji, kwa kuwa hungoja taa za gari zikifikie, lakini ni akiba ya mwisho. Na kifutwe.

Jicho la mwenzako

Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kutawakali, naye akamwelekeza amfunge kwanza kisha atawakali. Sisi jioni ile tulikuwa tumetawakali juu ya kibanio cha plastiki ambacho hakuna aliyekishika kukijaribu.

Sasa nyumbani kwetu pana desturi mpya. Kijana hafungi safari mpaka aiinue baiskeli na kuiangusha chini mara mbili kutoka kimo cha shubiri moja, huku mmoja wetu amesimama nyuma akitazama. Njiani, yeye na wenzake wamekubaliana kwamba kila wanapotoka kwenye mchanga na kuingia lami husimama, hufuta vioo kwa kitambaa, na kila mmoja humtazama aliye mbele yake na kumwambia, "Inawaka." Haiwachukui dakika moja.

Yule mwendesha bodaboda hatukupata kumlipa. Tulipomkaribisha chai alisema ana abiria anayemngoja. Tulimwombea dua pale pale mlangoni, na twamwombea hadi leo. Kwa kilomita zile chache za giza yeye ndiye aliyekuwa taa ya nyuma ya mtoto wetu. Mwaonaje, enyi wazazi wenzetu, leo jioni kabla ya Maghrib mkatoka uani, mkasimama nyuma ya baiskeli iliyopo nyumbani, na mkamwambia mwenyewe kile ambacho yeye hawezi kukiona?