Utunzaji wa Mazingira Unavyomsaidia Mjasiriamali Mdogo Kuonekana Mtandaoni

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya zama ambazo mnunuzi alifika sokoni, akaionja bidhaa na kuishika kabla ya kutoa fedha yake. Leo mnunuzi wa ubuyu, asali au karanga za Dodoma anaweza kuwa Mwanza au Dar es Salaam, simu ikiwa mkononi, na mbele yake wapo wauzaji kadhaa wenye bidhaa zinazofanana na bei zinazokaribiana. Hawezi kuonja wala kugusa. Anachokiona ni picha na maneno machache, na kwa hayo ndipo anapoamua nani ampigie. Mtandaoni, hata chema hakina budi kutembezwa.

Utunzaji wa mazingira ni miongoni mwa njia ambazo mjasiriamali mdogo anaweza kuzitumia ili atofautishwe na wenzake. Sababu yake ni moja: unampa jambo la kweli la kuonesha. Maneno "rafiki wa mazingira" yakiandikwa peke yake hayamvuti mtu, kwa kuwa kila mmoja anaweza kuyaandika. Kinachovuta ni kitendo ambacho mteja anakiona kwa macho na anaweza kukithibitisha.

Somo lililo karibu nasi

Mkoa wa Dodoma una mfano mzuri wa jambo hilo. Tangu mwaka 2018, LEAD Foundation, taasisi yenye makao yake Mpwapwa, kwa kushirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, imekuwa ikieneza vijijini njia ya Kisiki Hai. Katika njia hiyo mkulima hapandi mche mpya. Huchagua kisiki kilicho hai shambani mwake, hupogolea machipukizi na kuacha yaliyo bora, huuwekea mti alama, kisha huutunza usikatwe wala kuliwa na mifugo. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa, lakini imefahamika nje ya mipaka ya nchi. Picha zimechangia sana: eneo lilelile lilivyokuwa tupu, na lilivyo baada ya miti kurejea. Mtazamaji haelezwi mengi, anaona mwenyewe.

Kijiji cha Chololo, kilicho umbali wa takribani kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, kilijulikana kwa namna hiyohiyo. Kati ya mwaka 2011 na 2014 wakazi wake walitekeleza mradi wa kijiji cha mfano kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, uliosimamiwa na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Walijaribu mbegu zinazohimili ukame, majiko banifu, ufugaji wa nyuki na nishati ya jua, na habari za kazi hizo zikawekwa mtandaoni. Mfano huo unaonesha kuwa tendo hutangulia na tangazo hufuata.

Jambo gani lioneshwe

Mjasiriamali aanze na jambo moja analolifanya tayari au analoweza kulimudu. Mama lishe aliyeacha kuni na kuhamia kwenye gesi au jiko banifu anaweza kuonesha jiko lake lisilo na moshi. Hatua hiyo inakwenda sambamba na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Fundi seremala anaweza kuonesha viti alivyovitengeneza kwa mabaki ya mbao, na muuza asali anaweza kuonesha chupa alizozipokea kutoka kwa wateja ili zitumike tena baada ya kusafishwa ipasavyo.

Ikiwezekana, jambo hilo lipimwe. Anayetumia mkaa aandike kwenye daftari idadi ya magunia kabla ya kubadili jiko na baada ya kubadili. Kauli kwamba "mwezi huu tumetumia gunia moja badala ya mawili" ina uzito kuliko aya nzima ya sifa. Zaidi ya hayo, daftari hilo litamwonesha mwenyewe kama amepunguza gharama, faida ambayo atabaki nayo hata kama tangazo halitaleta mteja.

Baadhi ya mambo si ya hiari, hivyo si ya kujivunia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019. Kuacha kuitumia ni kutii sheria. Hata hivyo, marufuku hiyo haikugusa vifungashio vinavyohitajika kuhifadhi bidhaa kama vyakula vilivyosindikwa. Muuza ubuyu anayefungasha kwa plastiki inayoruhusiwa asiseme kwamba biashara yake haitumii plastiki kabisa. Aseme lililo kweli, kwa mfano kwamba mteja anabebeshewa mzigo wake katika mfuko wa karatasi au kikapu.

Namna ya kuonekana

Baada ya jambo kupatikana, hatua zifuatazo zitasaidia:

1. Piga picha mbili za sehemu ileile, kabla na baada ya mabadiliko, mchana penye mwanga wa kutosha. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha.

2. Andika maelezo mafupi yanayotaja bidhaa, mahali na bei. Mtu anayetafuta kwenye intaneti huandika jina la bidhaa na mji, kama vile "ubuyu Dodoma". Tangazo lisilotaja mahali ni vigumu kumfikia.

3. Tumia kurasa zisizo na malipo. Tangazo la hali kwenye WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, lakini WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuorodhesha bidhaa ambayo haitoweki. Google nayo huruhusu biashara kusajiliwa bila malipo ili ionekane kwenye ramani, baada ya mmiliki kuthibitishwa.

4. Waombe wateja waliohudumiwa waandike maoni yao wenyewe. Maoni ya kununua yanakatazwa na Google na yanaweza kuondolewa.

5. Jibu simu na ujumbe mapema. Mteja aliyevutiwa na picha lakini hakujibiwa atahamia kwa muuzaji mwingine.

Tahadhari

Anayedai asichokifanya hujiweka pabaya mara mbili. Kwanza, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi. Pili, wateja walewale wanaosambaza habari njema husambaza pia picha ya taka zilizotupwa nyuma ya duka linalojiita la kijani. Maneno kama "asilia kwa asilimia mia moja" au "haina kemikali yoyote" yaepukwe pasipo uthibitisho. Nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) isiwekwe kwenye bidhaa ambayo haijaidhinishwa.

Ikumbukwe pia kwamba kuonekana si kuuza. Bidhaa mbovu ikitangazwa vizuri, ubovu wake ndio utakaojulikana upesi.

Mahali pa kupata msaada

Mjasiriamali anayehitaji ushauri wa usindikaji na vifungashio anaweza kufika SIDO mkoani. Kwa upande wa mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kinachokusudia kununua majiko banifu au vifungashio bora kinaweza kuyaweka hayo katika andiko lake la biashara.

Maelezo ya masharti na namna ya kusajili kikundi yanatolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, katika ofisi ya kata, siku na saa za kazi. Huduma hiyo haina malipo.