Tushukuru Jua Lingalipo

Aliyepata kuhudhuria matanga amekwisha kusikia maneno haya. Marehemu amelazwa, jamaa wamekusanyika, nao husimama mmoja baada ya mwingine kumsifu. Mwana husema, "Mama alitulisha." Mume husema, "Hakuchoka kamwe." Jirani husema, "Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu." Maneno hayo ni mazuri, tena ni ya kweli. Lakini yeye aliyestahili kuyasikia hasikii tena. Kwa miaka 30 alisonga bukari kila jioni, wala nyumbani mwake hakupatikana mtu wa kumwambia aksanti.

Juu ya deni hilo ndipo tunapotaka kuzungumza leo. Si deni la fedha, na hata maskini aweza kulilipa. Lakini lina siku yake ya mwisho, na siku hiyo hatutangaziwi.

Samaki mmoja, mikono mingi

Hebu tutazame sahani ya jioni katika nyumba ya Likasi: bukari, sombe, na kipande cha samaki wa Tshangalele. Twala upesi, twanawa mikono, twaondoka. Laiti samaki huyo angaliweza kusema, angalitueleza safari ndefu.

Watoto wengi wa mjini hudhani kwamba ziwa la Tshangalele lilikuwako tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Mto Lufira ulikuwa ukipita katika bonde la majani na vinamasi, hata ukuta ulipojengwa Mwadingusha katika miaka ya 1920, ili nguvu ya maporomoko ipatikane kwa kutoa umeme. Mwaka 1930 mitambo ilianza kazi, na maji yaliyozuiliwa yakatanda bondeni, yakawa ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 400. Wakati ule mji wa Likasi ulikuwa karibu kuitwa Jadotville, jina ulilolichukua kuanzia mwaka 1931 hadi 1966. Waliojenga ukuta walitaka umeme wa kusafishia shaba. Hawakufikiri habari za chungu cha mama. Walakini samaki walizaana, wavuvi wakaja, vijiji vikapata mboga na biashara. Hivyo twala kila siku matunda ya kazi ambayo haikukusudiwa kutulisha. Zawadi nyingi za maisha haya ndivyo zilivyo: hutufikia kwa mikono ya watu wasiotujua.

Tena iko mikono iliyo karibu zaidi. Alfajiri, ukungu ungalipo juu ya mafunjo, mvuvi amekwisha kusukuma mtumbwi wake. Upepo ukivuma, mkewe husimama ufukoni pa Kapolowe akihesabu mitumbwi inayorudi, wala hatulii mpaka auone ule wake. Baadaye wanawake hukausha samaki juu ya moshi, huwafunga, na kuwapeleka sokoni. Mwingine yuko porini kwenye miombo, anachoma makala kwa siku nyingi, macho mekundu kwa moshi. Mwingine amelima mahindi. Mwisho wa yote yupo mama, aliyepuliza moto mvua ikinyesha. Kipande kimoja cha samaki kimepita katika mikono kumi kabla ya kufika mkononi mwetu!

Macho yaliyozoea

Kwa nini basi hatuoni? Si kwa sababu sisi ni watu wabaya. Ni kwa sababu tumezoea. Kitu kinachokuja kila siku hudhaniwa kuwa kinakuja chenyewe. Mtu hutambua thamani ya maji siku bomba linapokauka, na ya taa siku umeme unapokatika. Vivyo hivyo mume hutambua kazi ya mke wake siku anapolazwa hospitalini, akasimama jikoni asijue chumvi iko wapi.

Katika Injili ya Luka twasoma habari za wakoma kumi waliotakaswa. Mmoja tu alirudi kushukuru, naye alikuwa mgeni, Msamaria. Wale tisa hatuambiwi kwamba walikuwa waovu. Labda walikimbilia nyumbani kwa furaha, kila mmoja akiwaza watoto wake. Walipokea zawadi ileile, lakini haraka iliwanyang'anya nafasi ya kumtazama aliyewapa. Siku hizi haraka hiyo imepata msaidizi, nayo ni simu. Wamo watu watano katika chumba kimoja, na kila mmoja yuko mahali pengine. Mtoto anaeleza mambo ya shule, na baba anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuinua macho. Mwili wa baba umerudi nyumbani, lakini mtoto bado anamngojea baba yake.

Ndugu Laurent, mtawa Mkarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, hakuwa mtu wa elimu kubwa. Alitumikia miaka mingi jikoni, kisha akashona viatu vya wenzake. Alijifunza kukaa mbele ya Mungu katikati ya masufuria kama vile kanisani, hata wakubwa wakamwendea kuomba shauri. Siri yake haikuwa kazi nyepesi. Siri yake ilikuwa kuwapo kwa moyo wote pale mikono yake ilipokuwapo.

Je, shukrani itaharibu watu?

Baadhi ya akina baba watatujibu kwa mithali: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Wanaogopa kwamba mke akishukuriwa atajivuna, na mtoto akishukuriwa atalegea. Mithali hiyo ni ya kweli, lakini yasema juu ya sifa, nasi twasema juu ya shukrani. Anayesifu asema, "Wewe ni hodari." Anayeshukuru asema, "Mimi nimepokea." La kwanza laweza kumpandisha mtu kiburi. La pili humshusha anayelisema, na kumtia nguvu anayelisikia. Wazee waliotuachia mithali ya mgema ndio waliotuachia na hii: "Shukrani ya punda ni mateke." Tuchague kufanana na nani.

Wengine watauliza kwa uchungu: "Tushukuru nini, nasi tuna shida?" Swali hilo si la kudharauliwa. Twajua kwamba nyavu zenye matundu madogo huvua hata watoto wa samaki. Twajua kwamba mto Panda hupita penye viwanda vya Likasi kabla ya kuingia ziwani, na mwaka 2016 wachunguzi walitangaza kwamba wamekuta metali za migodini katika nyama ya samaki wa ziwa hili. Twajua pia kwamba nyaya za umeme hupita juu ya nyumba nyingi zisizo na taa. Kushukuru si kuyafumbia macho mambo hayo. Asiyeliona ziwa kuwa zawadi hatahuzunika likichafuliwa, na mvuvi anayemshukuru Muumba kwa samaki ndiye atakayewaacha wadogo wakue. Bonde la Lufira lilitiwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za dunia mwaka 1982. Lakini orodha peke yake hailindi kitu. Hulinda watu wanaokipenda kitu hicho, na hakuna apendaye asichokitazama.

Tuanzie wapi?

Hatuhitaji mambo makubwa. Kwanza, tukisali kabla ya chakula, baba na amtaje kwa jina mtu mmoja ambaye kwa mkono wake chakula kile kimefika: leo mama, kesho mwana aliyechota maji, kesho kutwa mama muuza samaki. Watoto watasikia, nao watajifunza kwamba chakula hakioti mezani.

Pili, simu zote na ziwekwe kando mpaka sahani zioshwe. Nusu saa haitampotezea mtu kazi yake, bali yaweza kumrudishia mtoto wake.

Tatu, kila mmoja wetu afikiri: Yuko mtu gani hai ninayepaswa kumshukuru, nami ninaahirisha? Mwalimu wa zamani? Shangazi aliyelipa karo? Mkunga? Aende kwake wiki hii. Asingoje kupata zawadi ya kupeleka. Mikono mitupu yatosha, ikiwa mdomo utasema.

Huenda mara ya kwanza maneno yakatoka kwa aibu, na mama akacheka, au akauliza kama tumelewa. Tusirudi nyuma. Jioni ya pili atanyamaza. Ya tatu, tutazame uso wake anapoweka sahani mezani.