Je, Wajua? Mguu wa Ilala, Jarida la Marekani

Je, wajua kwamba ubabe wa nchi katika utafiti wa upasuaji mara nyingi hupimwa kwa kuhesabu makala zake zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine? Mgonjwa aliyepona hahesabiwi.

Je, wajua kwamba fahirisi ya h, kipimo cha mtafiti mmojammoja, ilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia, Jorge Hirsch? Ukiwa na 10, maana yake una makala 10 zilizotajwa walau mara 10 kila moja. Daktari bingwa anayepasua tangu alfajiri asipate muda wa kuandika ana sifuri yake.

Je, wajua kwamba kati ya operesheni milioni 313 zilizokadiriwa na tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2015 kufanyika duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi, zenye zaidi ya theluthi ya watu wote, ziliambulia asilimia 6?

Je, wajua kwamba swali moja gumu la mifupa lilitafutiwa jibu hapa hapa Ilala? Mtu amegongwa, muundi umevunjika na mfupa umetoboa ngozi. Atiwe chuma ndani ya mfupa, au afungwe vyuma vya nje? Hivi vya nje ni pini zinazozama hadi mfupani, zimeshikwa na fito juu ya ngozi; kila tundu husafishwa, na suruali ya kawaida haipiti. Taasisi ya Mifupa ya MOI, pale Upanga, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifuatilia wagonjwa zaidi ya 200 kwa mwaka mzima. Kwa vifo na kurudiwa operesheni, njia hizo mbili hazikuachana kwa kiasi cha kuitangaza moja mshindi. Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida kubwa la mifupa la Marekani, na jina la kwanza ni la Billy Haonga wa MOI.

Je, wajua kwamba kwa hesabu iliyozoeleka, makala kama hiyo huipa Tanzania pointi nzima, na Marekani pointi nzima? Lakini wagonjwa wote ni wetu.

Je, wajua kwamba Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alipoandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, wengi hawakushtuka? Mwaka 1961 alihadhiri London. Mtafiti aliyemsikiliza, Anthony Epstein, akaukimbilia uvimbe huo, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi ndani yake.

Na je, wajua kwamba orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mambo 19 ya usalama wa upasuaji ilijaribiwa katika hospitali 8, Ifakara ikiwa bega kwa bega na London, Toronto na Seattle? Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndiyo maana kabla ya nusu kaputi unaulizwa jina lako, na unapasuliwa wapi, hata kama faili lako liko mezani.