Nusu ya Antena ni Bati

Lori lililobeba kontena, na ambalo antena yake fupi imefungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, husikia redio kwa namna mbili tofauti katika barabara ile ile moja. Linapotoka Kisumu, likapita Nyamasaria na kushika njia ya Ahero, mitambo inayourushia mji matangazo hubaki nyuma yake, na kati ya mitambo hiyo na antena husimama ukuta wa chuma wenye upana wa karibu mita mbili na nusu na kimo kinachozidi hapo kidogo, ambao ni uso wa kontena lenyewe. Linaporudi mjini ukuta huo huwa nyuma ya antena, na sauti iliyokuwa ikikwaruza katika safari ya kwenda husikika safi mahali pale pale. Dereva aliyekwisha kununua redio mpya kwa kudhani ya zamani imechoka huenda hakuwa na ubovu wowote wa redio. Alichokuwa nacho ni antena iliyowekwa mahali pasipofaa, na jambo hilo halitengenezwi kwa kubadilisha kilichomo ndani ya dashibodi.

Nyamasaria haihitaji kutambulishwa kwa msafiri wa nyanda za Ziwa, kwa kuwa ndiyo mlango wa mashariki wa Kisumu, ambapo barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Kericho huufikia mji kabla ya kuendelea Kisian na hatimaye Busia, mpakani mwa Uganda. Madereva wa masafa marefu wanaopita hapo hulala ndani ya magari yao, kwenye kitanda chembamba kilicho nyuma ya kiti, na redio ndiyo inayowapa habari za mafuriko ya tambarare ya Kano, za foleni ya mpakani na za nyumbani walikotoka. Kadiri barabara inavyosonga ndivyo lugha za hewani zinavyobadilika: Ramogi FM na Radio Mayienga kwa Kidholuo katika tambarare hiyo, Chamgei FM na Kass FM kwa Kikalenjin njia inapopanda Kericho, Mulembe FM upande wa Waluhya, huku Radio Citizen na Radio Taifa zikiwashika wale wanaotaka Kiswahili tangu pwani hadi mpakani. Haki ya dereva ya kuyasikia hayo yote hutegemea kazi ya mtu ambaye mara chache hutajwa, yaani fundi wa waya, ambaye ndiye fundi wa umeme wa magari.

Fundi wa waya mwenye uzoefu haanzi kwa kuuliza bei ambayo mteja anaimudu, wala haanzi kwa kumwonyesha antena zilizoning'inizwa kwenye kibanda. Hulitazama paa kwanza. Hulipiga kwa kifundo cha kidole asikie kama ni chuma, alumini au faiba, yaani ule utando wa nyuzi za kioo ulioganda kwa gundi ambao siku hizi hutumika kutengenezea vikinga-upepo vya juu ya kabini na hata mapaa mazima ya malori mapya. Katika kugonga huko ndimo ilimo elimu ya kazi yake, na ndilo jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wanunuzi wengi wa antena hawajawahi kuambiwa kwamba ile fimbo wanayoilipia ni nusu tu ya kifaa.

Antena ya fimbo hufanya kazi kwa kusukumwasukumwa na mawimbi ya redio, yaani mitetemo ya umeme na sumaku inayosafiri hewani kwa kasi ya mwanga, na mitetemo hiyo huzaa mkondo mdogo sana wa umeme unaopanda na kushuka ndani ya fimbo. Mkondo hauwezi kupanda upande mmoja bila kupata pa kuegemea upande wa pili, na egemeo hilo ni bati lililotandazwa chini ya fimbo, ambalo hukamilisha kile ambacho fimbo ilikianza, kana kwamba kuna fimbo ya pili isiyoonekana iliyosimama kichwa chini ndani ya paa. Bati likiwa pana na fimbo ikiwa katikati yake, antena husikiliza pande zote kwa usawa. Fimbo ikisogezwa pembeni, huelekea kupendelea upande ambao bati ni refu zaidi na kuzembea upande mwingine. Fimbo ikipandikizwa juu ya faiba tupu, egemeo hukosekana kabisa, na mkondo hulazimika kulitafuta kwenye ganda la kebo inayoshuka hadi kwenye redio, ambako huokota kila makelele ya umeme yaliyo njiani.

Kwa sababu hiyo fundi anayeijua kazi huikwangua rangi. Anapotoboa tundu kwenye paa la chuma, hugeukia upande wa ndani na kukwangua duara dogo kuzunguka tundu mpaka chuma king'ae, kwani rangi ya kiwandani huzuia umeme, na nati iliyokazwa juu ya rangi hushika fimbo kwa nguvu bila kuiunganisha na bati. Hapo ndipo kazi nyingi za haraka huharibikia: fimbo imesimama wima, mpira wa chini umekaa sawa, mteja ameridhika na umbo lake, na bado nusu ya antena haijafungwa. Duara lililokwanguliwa hupakwa grisi baada ya nati kukazwa, na juu ya paa mpira huzungushiwa silikoni, kwa kuwa unyevu wa Ziwa na mvua zake nzito havichelewi kuleta kutu pale chuma kilipoachwa wazi. Paa likiwa la alumini, hatari ni kubwa zaidi, kwa maana alumini na chuma vinapogusana penye maji huanzisha umeme wao mdogo ambao huila alumini taratibu, mpaka mguso uliokuwa mzuri siku ya kwanza unageuka kuwa unga mweupe usiopitisha kitu.

Paa la faiba linahitaji jibu lingine. Fundi huweza kulitandikia kwa ndani bamba la bati au wavu wa waya, ulio mpana kadiri nafasi inavyoruhusu, na kulibana chini ya nati ili fimbo ipate egemeo. Au huiacha kabisa faiba na kuihamishia antena kwenye chuma halisi cha kabini kwa kutumia kibano kilichochomelewa. Kazi hiyo ya kutandika bati ni ya kutaabisha, hufanywa mtu akiwa amejikunja chini ya dari iliyong'olewa nusu, na ikishakamilika hakuna anayeiona, hivyo mteja huiona ghali. Inastahili heshima kuliko inayopewa.

Baada ya paa ndipo linapokuja suala la urefu. Redio za FM nchini Kenya hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108, megahezi moja ikiwa ni mitetemo milioni moja kwa sekunde, na wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita tatu toka kilele hadi kilele. Fimbo husikia vyema inapokuwa robo ya urefu huo, yaani karibu sentimita 75, na kwa hiyo vijiti vifupi vya kiganja kimoja vinavyopendwa kwa umbo lao hupoteza sehemu kubwa ya sauti, isipokuwa vimesukiwa waya kwa ndani au vimewekewa kikuza-mawimbi, ambacho ni saketi ndogo inayokiongezea nguvu kile kilichopokelewa. Vile vilivyoumbwa kama pezi la papa ni vya aina hiyo, na visipopewa umeme wake husikia hafifu mno; fundi asiyeunganisha ule waya mwembamba wa umeme utokao nyuma ya redio humkabidhi mteja pambo tu. Katika malori tahadhari huongezeka, maana mengi hutumia volti 24 ilhali vikuza-mawimbi vingi ni vya volti 12, na kimoja kilichounganishwa bila kipunguza-volti huungua kabla gari halijaondoka.

Magari yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo yamejaa kwenye barabara za Kenya, matatu za Toyota HiAce zikiwemo, yana kisa chake. Kwa miongo mingi Japani ilitangaza FM kati ya megahezi 76 na 90 tu, kwa kuwa nafasi ya kuanzia 90 hadi 108 ilikaliwa na televisheni, hadi televisheni ya analogia ilipozimwa mwaka 2011 katika sehemu kubwa ya nchi hiyo; baadaye mpaka wa redio ukasogezwa hadi 95. Redio iliyokuja na gari kutoka huko haiwezi kuvisikia vituo vingi vya Kenya, na fundi huichomekea ekspanda, kisanduku kidogo kinachokaa kati ya kebo ya antena na redio na kuyashusha masafa kwa kiasi kisichobadilika. Ekspanda inayoshusha kwa megahezi 12 hukifanya kituo cha 98 kionekane 86, na abiria mgeni anayesoma namba kwenye kioo cha redio hushindwa kuelewa yuko wapi. Kuna hasara ambayo muuzaji haisemi: nafasi ya Japani ina upana wa megahezi 14 na ya Kenya ina zaidi ya 20, kwa hiyo ekspanda ya namna hiyo huishia 102, na vyote vilivyo juu ya hapo hubaki nje. Tena fimbo au nyuzi za antena zilizomo kwenye kioo cha gari hilo zilipimwa kwa ajili ya masafa ya Japani, ambayo mawimbi yake ni marefu zaidi. Mteja anayelalamika kuwa stesheni anayoipenda haishiki huenda hana kosa, wala antena yake haina kosa.

Kebo nayo huonekana kitu kidogo, na haipaswi kupuuzwa. Ni uzi mmoja wa katikati uliozungukwa na wavu wa nyuzi, na kazi ya wavu ni kuyazuia makelele yasiufikie uzi. Wapo wanaotumia kebo ya televisheni kwa kuwa inapatikana kwa urahisi, na kwa FM madhara yake ni madogo, lakini kwa mawimbi ya kati, yale ambayo shirika la utangazaji la taifa limeyatumia kwa muda mrefu kuwafikia wasikilizaji wa mbali, kebo hiyo hula sehemu kubwa ya kilichopokelewa, kwa sababu kila mita yake huhifadhi chaji nyingi kuliko kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya gari. Wimbi la kati lina urefu wa mamia ya mita, fimbo ya gari ni ndogo mno mbele yake, na hicho kidogo inachokipata hakiwezi kuvumilia upotevu huo. Kabla haijaingia ndani ya kabini, kebo huachiwa mbonyeo unaoning'inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi nyuma ya redio.

Makelele hutoka ndani ya gari lenyewe zaidi kuliko inavyodhaniwa. Chaja za simu za bei nafuu, inverta zinazogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na taa za rangi ambazo bila hizo matatu nyingi hazijihesabu kuwa zimekamilika, zote hukatakata umeme kwa kasi kubwa na kurusha mawimbi yao wenyewe. Njia ya kumtambua mkosaji ni ya subira: kuzima kimoja kimoja huku redio ikiwa imefunguliwa kwenye kituo dhaifu, mpaka ukwaruzaji ukome.

Hiyo subira ya kituo dhaifu ndiyo inayoleta ugumu ambao Nyamasaria haiwezi kuukwepa. Mahali hapa pako karibu na mji kiasi kwamba vituo vya Kisumu huingia kwa nguvu hata kwenye msumari; mteja huwasha redio, akasikia muziki, akalipa, akaondoka, na kilichothibitishwa hapo hakizidi kwamba redio inawaka. Mawimbi ya FM hufuata mstari ulionyooka karibu kama macho yanavyoona, na mnara wa mita 100 juu ya uwanda huifikia upeo wake baada ya kilomita 40 hivi, ukiongeza kilomita chache za kimo cha lori. Tambarare ya Kano huyaruhusu mawimbi hayo kusafiri vizuri mpaka Ahero na Awasi, kisha ardhi huanza kupanda kuelekea Kericho, na hapo mabonde hukatiza sauti ambayo vilele huirudisha. Ubora wa duara lililokwanguliwa chini ya nati hujulikana huko, si Nyamasaria.

Fundi mwangalifu hujaribu kulipunguza tatizo hilo kwa kutafuta kituo cha mbali kinachosikika kwa shida na kukilinganisha kabla na baada ya kazi, na kwa kumwomba dereva aligeuze lori lielekee upande mwingine ili kuona kama kontena linaifunika antena. Lakini dereva ana ratiba, mwenye gari hayupo, na kuligeuza lori lenye trela kando ya barabara kuu si jambo dogo. Je, ni nani anayepaswa kuulipia muda huo wa kupima? Na fimbo ikipandishwa juu ya kontena ili isifunikwe, itavumilia vipi siku ambayo trela hilo litafunguliwa na kabini kuondoka na lingine? Madereva wengine hutembea na kebo ndefu na kibano cha sumaku kinachohamishwa kutoka mzigo hadi mzigo. Sumaku hiyo haigusi chuma moja kwa moja, bali huegemea bati kupitia unene wa rangi, kwa namna inayotosha kwa FM na isiyotosha kwa mawimbi ya kati. Kati ya tundu la kudumu lililokwanguliwa vizuri mahali pabaya na sumaku iliyowekwa ovyo mahali pazuri, mafundi hawajakubaliana.